Unaanza chuo cha sanaa Uganda? Maswali ambayo wadogo zetu hutuuliza kila Agosti

Ikifika Agosti simu yangu hujaa ujumbe wa sauti. Ni wadogo zetu kutoka Busia, Arua na Bombo, wengine kutoka Kisumu na Bukoba. Wamepata nafasi kwenye vyuo vya sanaa Kampala na viungani mwake, na maswali yao ni yale yale. Nimeyaandika hapa ili nipumzishe koo. Mimi nilisomea ufinyanzi na uchapaji wa nguo, na sasa nina karakana ndogo ninayoitegemea kwa ugali wangu, kwa hiyo utaniona naegemea upande wa udongo na rangi. Wa muziki na maigizo, mtanisamehe.

Barua ya kupokelewa nimepata. Nianzie wapi?

Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha kwamba kozi yenyewe, siyo chuo peke yake, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Orodha iko kwenye tovuti ya baraza. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na bado kozi yake moja ikawa ithibati yake imekwisha muda. Balaa hilo hulijui mpaka siku unapoomba kazi na karatasi yako inarudishwa.

Ukishajiridhisha, nenda kujisajili na vyeti halisi vya UCE na UACE (vya kumaliza kidato cha nne na cha sita Uganda), nakala zake, picha ndogo na kitambulisho. Vyuo vya serikali hukupa namba ya malipo, ukalipia benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha taslimu mkononi, hata akiwa na beji kifuani na tabasamu la malaika. Stakabadhi zote zipige picha. Na ujue kuwa ada ya masomo siyo mwisho wa safari: zipo ada za huduma nyingine, halafu vipo vifaa, ambavyo hakuna anayekuambia bei yake mapema.

Sikusoma Sanaa sekondari. Nitaachwa nyuma?

Wiki sita za kwanza, ndiyo. Baada ya hapo inategemea mkono wako unafanya nini jioni. Kanuni ya kuingia shahada ni alama mbili kuu (principal) za UACE, na stashahada ni moja kuu na mbili ndogo (subsidiary), ingawa kila chuo huongeza masharti yake na vingine hukupa mtihani wa kuchora. Walioingia na Sanaa ya sekondari mara nyingi huja na mazoea ya kunakili picha za watu maarufu kutoka kwenye simu, nao hulazimika kuyaacha hayo kwanza. Wewe huna cha kuacha. Chora mkono wako wa kushoto dakika ishirini kila siku, kwa kuutazama, usichore kwa kumbukumbu. Mwezi mmoja tu, halafu linganisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Ninunue vifaa gani kabla ya kuja?

Vichache kuliko unavyofikiri. Nimewaona watoto wa watu wakifika na sanduku la rangi za mafuta la bei ya mbuzi wawili, na mwaka mzima wa kwanza hawakulifungua kwa sababu masomo yalikuwa kuchora kwa penseli, kanuni za rangi na kufinyanga. Chukua penseli za HB, 2B, 4B na 6B, kifutio, wembe au kisu cha kukatia karatasi, rula ya chuma, gundi nyeupe, daftari la kuchorea lisilo na mistari, na aproni au shati kuukuu la baba. Mengine subiri mwalimu ayataje.

Karatasi usinunue duka la vitabu. Panda taksi mpaka Nasser Road, mtaa wa wachapaji katikati ya Kampala. Mashine za kukata karatasi pale hutema mabaki siku nzima: manila, karatasi ngumu, karatasi za kung'aa, vipande vya upana wa kiganja hadi vya ukubwa wa meza ndogo. Ukienda asubuhi, ukasalimia vizuri, utaondoka na kifurushi cha miezi miwili kwa fedha ya chakula cha mchana. Shuka kuukuu za kufanyia turubai ya mazoezi ziko Owino, ambako jina rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, lakini ukilitaja hilo kondakta atakutazama mara mbili. Fremu unaweza kuipiga misumari mwenyewe kwa mbao za masanduku.

Kibao cha kuchorea nacho usinunue. Omba fundi seremala wa mtaani akukatie plaiwudi ya kuzidi karatasi yako kubwa kwa vidole viwili kila upande, na uipige msasa ukingoni, la sivyo vibanzi vitakukumbusha kila siku.

Na laptopu?

Kama umechukua usanifu wa picha au filamu, utaihitaji, na mtumba mzuri unatosha. Kama ni uchongaji au ufinyanzi, nunua kwanza buti.

Wanaosema nusu ya chuo iko nje ya geti wanamaanisha nini?

Wanamaanisha mafundi. Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, na ndilo linaloulizwa na wachache.

Mwalimu atakufundisha kwa nini, lakini ana wanafunzi arobaini na saa tatu. Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma wa Kampala, anachomelea chuma kutoka alfajiri hadi magharibi, siku sita kwa wiki. Ukikaa kwenye kibenchi chake Jumamosi mbili utaona jinsi anavyosoma rangi ya chuma kikiwa motoni, jambo ambalo daftari haliwezi kukuonyesha. Wachapaji wa Nasser Road wanajua kukunja, kukata na kupanga rangi kuliko programu yoyote ya kompyuta. Wanaochonga ngoma kando ya barabara ya Masaka pale Mpambire watakuambia ngozi ipi inalia na ipi ni bubu.

Halafu kuna lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Wanaoitengeneza Buganda kwa urithi ni wa ukoo wa Ngonge, na ufundi wao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Gome huvuliwa msimu wa mvua, shina hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jingine huota mahali pale pale, mti ukaendelea kuvunwa miaka mingi. Gome lenyewe hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka linatanuka na kuwa laini kama blanketi kuukuu. Wanafunzi wengi huupenda mara moja na kuanza kushonea mikoba. Sikatai, nami nimewahi. Lakini lubugo pia ndiyo sanda ya wafu na vazi la kutawazwa kwa wafalme, kwa hiyo usiutandaze mezani kwa mzee wa Kiganda na kuweka chupa za soda juu yake. Atanyamaza, lakini hatakualika tena.

Adabu ya kwenda kwa fundi ni rahisi. Usianze na "nataka" wala "bei gani". Anza na "Gyebale ko, ssebo", au "nnyabo" kama ni mama. Ni salamu ya Kiganda ya kumpa mtu pole na pongezi kwa kazi aliyoishika. Ukitaka kujifunza, nenda na soda na chapati, shika ufagio kabla hujashika nyundo, na ukimpiga picha muulize kwanza. Akikufanyia sehemu ya kazi yako ya darasani, mlipe na uandike jina lake kwenye maelezo ya kazi. Wapo wanaompa fundi mchoro, wakachukua sanamu iliyokamilika na kuiwasilisha kama yao. Walimu wanazijua alama za patasi za Katwe.

Kwa nini kazi ya udongo hupasuka kwenye joko?

Kwa sababu ya haraka. Muhula wangu wa pili nilifinyanga kichwa cha mzee mmoja, kipande kizima bila kukitoboa ndani, shingo nene kama ngumi mbili. Ilikuwa Novemba, mvua kila siku. Baada ya siku kumi nje kilionekana kikavu, kimeshakuwa cheupe, nikakiingiza jokoni pamoja na kazi za wenzangu. Asubuhi yake fundi wa joko alifungua mlango. Kichwa hakikuwepo. Kulikuwa na changarawe, sikio moja zima, na vigae vyangu vimejichoma ndani ya mabakuli matatu ya wenzangu. Yule fundi hakunena neno, akanipa ufagio.

Wengi husema ni hewa iliyonaswa ndani. Mhalifu mkubwa ni maji. Udongo unaoonekana mkavu nje unaweza kuwa na unyevu katikati, na joto likivuka nyuzi 100 unyevu huo hugeuka mvuke, unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyokaliwa na maji. Ukuta mnene haumpi njia ya kutoka, kwa hiyo anajitengenezea.

Basi: kazi kubwa itoboe ndani, ukuta usizidi unene wa kidole gumba. Kanda udongo vizuri kabla hujaanza, mpaka ukiukata kwa waya huoni vitundu. Mahali pa kuunganisha, chanja pande zote mbili na upake uji wa udongo. Kausha polepole ukiwa umefunika kwa kaveera (mfuko wa plastiki), hasa masikio, mikono na kila kinachochomoza, maana vyembamba hukauka kwanza na kujitenga na vinene. Kabla ya kupeleka jokoni, gusisha kazi shavuni. Ikiwa ya ubaridi kuliko hewa ya chumbani, bado ina maji. Shavu halidanganyi kama macho yanavyodanganya.

Na wale watatu wa mabakuli? Niliwafinyangia mengine. Mmoja bado ananikumbusha kila tukikutana.

Mwalimu aliikosoa kazi yangu mbele ya darasa zima mpaka nikalia. Ni kawaida?

Kukosoa mbele ya wote ni kawaida, ndiyo njia ya kufundisha sanaa karibu kila mahali: kazi zinatundikwa ukutani, kila mtu anasema anachoona. Kulia pia hutokea, wala si aibu. Cha kujifunza ni kutenganisha maneno yaliyoelekezwa kwenye kazi na yaliyoelekezwa kwako. "Kivuli chako kinatoka pande mbili kama vile una majua mawili" ni zawadi, iandike. "Wewe huna kipaji" si ukosoaji, achana nayo. Na kama inazidi, kama ni matusi au kuna anayekudai jambo ili akupe alama, hilo si suala la sanaa tena: mwone mlezi wa wanafunzi au ofisi ya malalamiko, nenda na mwenzako, na uandike tarehe.

Siku yako ikifika usijitetee dakika kumi. Nyamaza, sikiliza, mwombe rafiki akuandikie yanayosemwa. Ukiongea huwezi kusikia.

Mimi ni Mwislamu. Nitalazimishwa kuchora na kuchonga watu?

Swali hili huja faragha, nami nalijibu hadharani kwa sababu mnaouliza ni wengi. Mwaka wa kwanza mara nyingi una somo la kuchora umbo la mtu, na ni la lazima kwa wote. Baada ya hapo unachagua tawi, na matawi ya vyombo, nguo, ngozi na maandishi hayakulazimishi sanamu ya kiumbe. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu picha, na mimi si mwanazuoni: muulize sheikh unayemwamini, lakini mweleze sawasawa kwamba ni zoezi la kujifunza mifupa na misuli, usimwambie tu "wanatuchoresha watu". Halafu zungumza na mwalimu wiki ya kwanza, usisubiri wiki ya mtihani.

Kiswahili changu kitanifaa Kampala?

Kwa kazi na biashara, ndiyo, kuliko unavyoambiwa. Kwa moyo wa watu, polepole. Kwa wazee wengi wa Buganda Kiswahili kiliingia na sauti ya buti, lugha ya kizuizi cha barabarani na amri ya "lala chini", na kumbukumbu ya namna hiyo haifutwi kwa tangazo la Baraza la Mawaziri, lile la Julai 2022 la kukikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, wala kwa maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai. Vijana hawana mzigo huo. Wewe jifunze Kiganda cha sokoni: kusalimia, kuuliza "ssente mmeka" (shilingi ngapi), kushukuru kwa "webale". Darasani ni Kiingereza.

Faida yako kubwa iko kwenye historia yenyewe. Mwingereza Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa mwaka 1937, darasa lililokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, waliopita pale hawakuwa Waganda peke yao. Gregory Maloba alitoka Kenya, na sanamu yake ya Uhuru ya mwaka 1962 bado imesimama katikati ya Kampala, mama mkubwa akimwinua mtoto aliyefunguliwa vifungo. Sam Ntiro alitoka Kilimanjaro, akasoma na kufundisha hapo, akaendelea London, na baadaye akawa balozi wa Tanganyika huko huko Uingereza. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alipaka picha za ukutani katika kanisa la Murang'a na kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Kwa hiyo mtu akikuuliza Mswahili unatafuta nini kwenye sanaa ya Kampala, unayo majina matatu ya kuanzia.

Niende kuona kazi wapi bila kumaliza hela?

Nommo kule Nakasero, jumba la sanaa la taifa, lipo tangu 1964. Jumba la Makumbusho la Uganda lililoko Kira Road, ambalo lilianzishwa 1908, lina ala za muziki ambazo ukizichora kwa wiki nne utajua umbo la nchi nzima: madinda (marimba za mbao), vinanda vya nyuzi, ngoma za kila ukubwa. Kaa chini na daftari, walinzi watakuzoea. Makerere wana jumba lao la maonyesho, na Afriart, jumba la sanaa la kibinafsi, ni pa kuona wanaouza wanauzaje. Nenda siku ya ufunguzi wa maonyesho, kuna vitafunio.

Maisha ya hosteli, chakula, usafiri?

Chagua hosteli yenye maji na taa ya kutosha kusomea, siyo yenye runinga. Rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) na kikomando (chapati na maharage) vitakuweka hai, ila kula mboga. Na usibebe picha ya rangi ya mafuta mbichi kwenye boda. Nilimwona dada mmoja Wandegeya akishuka na nusu ya mandhari yake mgongoni mwa dereva, dereva hajui, anaondoka zake na ziwa Nalubaale (Victoria) kwenye jaketi.

Wazazi wanasema sanaa haina kazi.

Wana sababu: serikali yenyewe haifichi kwamba inaipa sayansi kipaumbele, na mzazi anasikia redio. Usibishane kwa maneno. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 una Sanaa na Usanifu ndani yake, una Kiswahili pia, na aliyesomea ualimu wa vyote viwili si mtu wa kukaa nyumbani. Wengine niliosoma nao wanachapa sare za shule, wanasanifu vifungashio vya kahawa, wanajenga mandhari za filamu, wanachora mabango. Mmoja anafinyanga majiko. Mletee mama kitu ulichotengeneza na anachoweza kukitumia jikoni, nusu ya kesi imekwisha.

Naweza kuuza kazi nikiwa bado nasoma? Na wakiniibia muundo?

Uza. Lakini chukua nusu ya bei kabla ya kuanza, kwa ndugu ndiyo zaidi. Bei ni vifaa, saa zako, usafiri, na kitu juu yake, andika kwenye karatasi kabla hujatamka. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inakulinda tangu kazi inapokuwa kitu cha kushikika, kwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Mawazo hayalindwi, kilichochorwa ndicho kinacholindwa. Unaweza kuisajili kazi katika ofisi ya taifa ya usajili, URSB, na inasaidia ikifika kwenye kesi. Hifadhi michoro ya awali yenye tarehe. Mimi nimewahi kumkuta ndege niliyemchora kwenye fulana za mtu mwingine sokoni, na kilichonisaidia kumnyamazisha ni daftari lenye michoro kumi na minne ya ndege huyo huyo akiwa bado hajapata mbawa sawasawa.

Nikifeli somo?

Unalirudia na kulilipia. Wengi hufeli kwa kutowasilisha, si kwa kutojua. Wasilisha hata kibaya.

Kuna hatari gani karakanani?

Vumbi la udongo mkavu huharibu mapafu, kwa hiyo futa kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu. Tapentaini fungulia dirisha. Nywele ndefu na ncha za hijabu zifungwe ukikaribia mashine inayozunguka. Ndala hapana.

Siku ya kwanza nije na nini?

Penseli, daftari, chupa ya maji, na shati ambalo hutalilia. Uje mapema uchague meza iliyo karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, mwanga wake haubadiliki sana kutwa. Ukikuta nimeshaikalia, nimekuja kuazima joko.